Kumfundisha mtoto mmoja nyumbani: mwongozo kamili wa masomo ya mwanzo

Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto sitini mbele yake akiuliza swali, mikono kumi hunyooka, mmoja hujibu, na wengine wote hupata pumziko. Mtoto anayefundishwa peke yake hana pumziko hilo. Kila swali ni lake, kila kosa linaonekana, na macho ya mwalimu hayambanduki. Ndiyo maana mzazi anayeanza Jumatatu kwa hamasa, akapanga vipindi vinane kama shuleni, mara nyingi hufika Alhamisi na mtoto anayelia akiona daftari tu.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi, kaka au dada mkubwa, au mwalimu wa twisheni anayekaa na mtoto mmoja wa miaka 5 hadi 7. Unagusa kusoma, kuandika, hesabu, sayansi, jiografia na Kiingereza. Cheti cha ualimu si lazima. Kinachohitajika ni subira na sikio, kwa sababu faida kubwa ya kufundisha mtoto mmoja ni kwamba unaweza kusikia mahali hasa anapokwama. Mwalimu wa watoto sitini hana nafasi hiyo hata awe hodari namna gani.

Kwanza, sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule ya msingi. Kenya, kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ambayo ni ya bure na ya lazima. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yanamfaa mtoto ambaye hajafikia umri wa kuanza shule, aliye likizo, anayeuguzwa nyumbani, ambaye familia yake imehama katikati ya muhula, au anayekwenda shule lakini bado hajashika kusoma. Kama nia yako ni kumsomesha nyumbani moja kwa moja, anza kwa kuonana na afisa elimu wa eneo lako kabla ya kununua daftari.

Hatua ya 1: Wiki ya kwanza usifundishe, sikiliza

Tenga siku tatu au nne za kumjua mtoto wako kama mwanafunzi. Cheza naye, na kila jioni andika ulichokiona kwenye daftari lako, pamoja na tarehe.

Mwambie apige makofi kwa kila silabi ya jina lake: A-mi-na, makofi matatu. Akiweza, sikio lake liko tayari kwa kusoma. Asipoweza, mchezo huo wa makofi ndio somo lake la kwanza, na uendelee nao kabla hujamwonyesha herufi yoyote.

Mwagia vizibo kumi na tano vya soda kwenye mkeka, mwambie avihesabu kwa kugusa. Watoto wengi wanaimba moja mpaka ishirini bila kukosea, lakini wakigusa vizibo unakuta kimoja kimehesabiwa mara mbili na kingine kimerukwa. Huyo anajua wimbo wa namba, kuhesabu bado. Ukimkimbiza kwenye kujumlisha, atakuwa anabahatisha.

Mwombe akusimulie alichofanya jana tangu alipoamka. Sikiliza kama anaweza kupanga mambo kwa mfuatano. Mpe penseli achore mtu, uone anavyoishika na anavyokandamiza karatasi.

Angalia pia macho na masikio yake. Mtoto anayesogeza kitabu hadi puani, anayekunja uso akitazama mbali, au asiyeitika akiitwa kwa nyuma, apelekwe hospitali kupimwa. Kuna watoto walioitwa wazito ilhali shida yao ilikuwa ni kutoona vizuri.

Hatua ya 2: Ratiba fupi kuliko unavyodhani

Kwa mtoto wa miaka 6, somo moja lisizidi dakika 15. La miaka 5 liwe dakika 10. Jumla ya asubuhi nzima, pamoja na mapumziko, isipite saa moja na nusu. Najua wapo watakaoona huko ni kudekeza, lakini dakika 15 za mtoto mmoja zote ni zake: hakuna kusubiri madaftari yagawiwe wala zamu yake ifike.

Anza baada ya chai, tuseme saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya joto. Weka kusoma kwanza kwa kuwa ndiko kunakohitaji akili iliyotulia. Kisha atoke nje akimbie. Halafu hesabu. Halafu nje tena, au kunywa maji. Mwisho somo moja la mikono: sayansi, ramani, kuchora. Siku ya tano ya wiki usimkalishe mezani kabisa, nenda naye sokoni, dukani, shambani au ufukweni, na masomo yafanyikie huko.

Lile pumziko analolikosa mtoto wa pekee lipange mwenyewe ndani ya somo. Mwache awe mwalimu: akufundishe silabi alizojifunza jana, nawe ukosee makusudi, akusahihishe. Au fanya kazi yako pembeni yake, uchambue mchele huku yeye anaandika, ili asihisi kila mstari wa penseli unachunguzwa. Au mpe nafasi aulize yeye maswali matatu, nawe ujibu. Ukiona anaanza kupiga miayo, kujikuna, kuomba maji kila mara, umechelewa kidogo kufunga somo. Funga wakati bado anataka kuendelea.

Hatua ya 3: Vifaa

Kaunta buku moja la mtoto na moja lako. Penseli, ufutio, kichongeo. Karatasi ya manila moja au mbili za kukatia kadi. Vizibo vya soda hamsini. Njiti za chelewa zilizokatwa urefu wa kidole, kama mia moja, na uzi wa kuzifungia. Sinia na mchanga mkavu. Hivyo vinatosha kwa miezi mingi.

Hatua ya 4: Kusoma

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi. Kiswahili kinamsaidia mtoto sana: irabu ni tano, kila moja ina sauti ileile popote ilipo, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Mtoto akishazishika silabi anaweza kusoma maneno ambayo hajawahi kuyaona.

Anza na a, e, i, o, u kwa sauti zake. Moja kwa siku inatosha. Zikikaa, ziunganishe mara moja: *au*, *ua*, *oa*. Kabla hajajua konsonanti hata moja, tayari amesoma maneno ya kweli. Mwache alifurahie hilo.

Kisha leta konsonanti moja moja. Napendelea kuanza na m, maana midomo inafungwa waziwazi na mtoto anaiona: *ma, me, mi, mo, mu*. Fundisha sauti, mmm, na jina la herufi liache mpaka baadaye. Siku hiyohiyo asome *mama*, *mimi*, *uma*. Ikifuata k: *kuku*, *kaka*, *kaa*, *kimo*. Ikifuata l: *lala*, *kula*, *kalamu*, na sasa ana sentensi nzima: *Kuku amelala.* Ikifuata b: *Babu amelima.* Zikifuata t na s: *Baba ameleta samaki.* Usiongeze konsonanti mpya kabla ile iliyotangulia haijasomeka bila kusita. Wengine watatumia siku mbili kwa herufi, wengine wiki, na daftari lako ndilo litakalokuambia.

Andika kila silabi kwenye kadi. Panga kumi mezani, taja moja, ainyakue. Kisha aunde maneno mwenyewe, hata yasiyo na maana. Akisoma *kamibo* au *lutesa* sawasawa, umepata uhakika kwamba anasoma kweli. Mtoto aliyekariri ukurasa kwa moyo hawezi kusoma *kamibo*.

Akikwama, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mara nyingi jibu linakuja kwenye nne. Akiwa bado, funika neno kwa kidole na ulifunue silabi moja moja: *ka… la… mu*. Usimtajie neno zima, na usiseme "siyo!" Akisema "kamalu", rudi tu kwenye silabi ya pili na umwombe aitazame.

Kuna sehemu chache ambazo karibu kila mtoto hujikwaa. Ya kwanza ni *m* inayosimama peke yake: *mtu, mti, mto, mlango*. Atasoma "mutu". Mrudishe kwenye makofi: m-tu, makofi mawili, la kwanza kwa midomo iliyofungwa. Ya pili ni herufi zinazoandamana: *mb, nd, nj, nz, ng*, halafu *ch, sh, ny*. Zifundishe kama sauti moja yenye nguo mbili, baada ya zile rahisi zote. *Ng'* ya *ng'ombe* na *ng* ya *ngoma* ziache mwishoni kabisa, na ukizifundisha ziweke siku moja, kadi mbili kando kwa kando. Ya tatu ni *dh, th, gh*. Kama nyumbani mnatamka "zahabu", mtoto ataandika alichosikia. Mwonyeshe tahajia kwa upole, wala usikatize hadithi nzima kwa sababu yake. Vivyo hivyo *r* na *l* kwa watoto ambao lugha ya nyumbani haizitenganishi: cheza na jozi kama *kura* na *kula*, *mahari* na *mahali*, asikie maana inavyobadilika.

Mbali na somo hili, msomee wewe kila siku. Somo la silabi ni la kufundisha, usomaji wako ni wa raha, na usimuulize maswali ya mtihani mwishoni. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na African Storybook ina hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili unazoweza kupakua na kuchapisha bila malipo. Usisahau pia zile zisizo na karatasi. "Paukwa!" "Pakawa!" Vitendawili humfundisha kufikiri na hadithi humfundisha mfuatano. Mtoto aliyelelewa na hadithi hukaa kitako kusoma kwa sababu anajua kuna kitu kizuri kinamngoja.

Hatua ya 5: Kuandika

Kuandika kunachosha mkono kabla ya kuchosha akili, kwa hiyo kutenganishe na kusoma. Wiki za mwanzo achore kwenye mchanga wa sinia: mstari wa kusimama, wa kulala, duara, mawimbi. Herufi zikianza, aandike kwa kidole mchangani kwanza, kisha kwa penseli, mistari miwili tu iliyoandikwa vizuri badala ya ukurasa mzima wa kukimbizana. *b* na *d* zikigeuka katika umri huu usiogope. Muulize neno linaanza upande gani, mwache azione mwenyewe.

Mara anapojua silabi kama ishirini, anza imla ya maneno matatu kila siku, kisha mpe kazi ya kweli ya kuandika. Ya dukani ndiyo bora: mwambie aandike *sabuni, kitana, sukari*, abebe karatasi yake, amsomee mwenye duka. Hakuna nyota ya mwalimu inayoshinda kumwona mtu mzima akimpa alichokiandika.

Hatua ya 6: Hesabu

Kila jambo jipya lipite njia hii: kitu mkononi, halafu picha, halafu namba. Ukianzia kwenye namba, mtoto anakariri alama. Na tafadhali usimkataze kutumia vidole. Ataviacha mwenyewe akishakomaa.

Kumi ndiyo mlango wa hesabu zote zinazofuata. Mpe njiti za chelewa, kila zikifika kumi azifunge kwa uzi. Kumi na tatu ni fungu moja na njiti tatu, na jina lenyewe linasema hivyo. Kwenye ishirini, thelathini na arobaini jina halimsaidii, kwa hiyo atamke vyote viwili kwa muda: "makumi mawili, ishirini, makumi matatu, thelathini." Akizoea, mpe 32 na umwombe akupe njiti 7. Atatazama zile mbili zilizo huru, atatazama mafungu, na mwishowe atafungua uzi mwenyewe. Hilo ndilo tendo la kuazima, na ameligundua bila wewe kulitaja. Subiri mpaka afungue. Ukimwonyesha umemnyima somo zima.

Pesa ni hesabu yenye picha. Kwenye noti za Tanzania, elfu moja ina Mwalimu Nyerere, elfu mbili ina simba, elfu tano ina kifaru, elfu kumi ina tembo. Fungueni duka sebuleni kwa noti za karatasi mlizochora. Nyanya za shilingi 700, ametoa elfu moja, chenji ngapi? Kisha siku ya soko afanye na muuzaji halisi, wewe ukiwa nyuma yake.

Saa yenye mishale iache mpaka akaribie miaka 7, kwa kuwa inamchanganya mtoto wa Kiswahili: tunasema saa moja asubuhi, na mshale mfupi uko kwenye 7. Anza na matukio: saa moja tunakunywa chai, saa sita jua liko juu. Halafu mfundishe kwamba saa tunayoitamka iko ng'ambo ya pili ya mshale mfupi. Mshale ukielekea 7, ng'ambo yake ni 1. Ukielekea 8, ni 2. Ukielekea 9, ni 3. Kata saa ya manila, avute mstari kupita katikati kwa rula. Baadaye ndipo umweleze kwa nini simu ya baba inaandika 7:00.

Hatua ya 7: Sayansi na jiografia, nje ya nyumba

Kila jaribio liwe na sehemu tatu: akisie, atazame, achore alichokiona. Usimpe jibu kabla hajakisia.

Loweka maharage usiku mmoja, yaweke kwenye pamba yenye unyevu ndani ya bilauri mbili. Moja ikae dirishani, nyingine kabatini gizani. Muulize ipi itaota. Zote zitaota, na hilo litamshangaza. Baada ya siku kadhaa ile ya gizani itakuwa ndefu, nyembamba na ya manjano iliyofifia. Sasa muulize mmea ulikuwa unatafuta nini.

Kivuli ni somo la mwaka mzima. Simika fimbo uani, mweke kokoto kwenye ncha ya kivuli asubuhi, adhuhuri na jioni. Kwa anayeishi Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba jua hupita utosini, na kivuli cha fimbo karibu kinatoweka: Machi kama saa sita na dakika thelathini na tano mchana, Oktoba kama saa sita na dakika kumi. Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri kinalala kusini, Desemba kinalala kaskazini. Mtoto anayeyaona hayo uani kwao ataielewa siku moja safari ya dunia kulizunguka jua.

Kwa pande za dunia, asimame asubuhi akilitazama jua: mbele mashariki, nyuma magharibi, mkono wa kushoto kaskazini, wa kulia kusini. Walio pwani wana upepo pia: kaskazi ya Desemba hadi Machi, kusi ya katikati ya mwaka. Ramani zianze na chumba anacholala, kisha nyumba, kisha njia ya kwenda kwa bibi. Ramani ya nchi ingoje mpaka ajue kuchora njia ya kwa bibi.

Hatua ya 8: Kiingereza

Kifundishe kwa mdomo kwanza: salamu, viungo vya mwili, rangi, amri za mchezo. Kusoma Kiingereza kusianze mpaka kusoma Kiswahili kumetulia, kwa sababu irabu za Kiingereza hubadilika sauti kila neno, na mtoto ambaye bado anashika *a* ya Kiswahili atapoteza zote mbili.

Familia iliyo London au Toronto ina kazi ya kinyume. Shule inamfundisha Kiingereza, nyumbani mna dakika 15 za Kiswahili. Mtoto huyo ameshazoea herufi kwa sauti za huko, basi usirukie maneno. Rudi kwenye irabu tano kana kwamba ni herufi mpya, kisha silabi, kwa mpangilio uleule. Simu ya video na babu, mtoto akimsomea sentensi tatu kila Jumapili, itampa sababu ya kujifunza.

Hatua ya 9: Siku anapokataa

Zitakuja. Uliza kwanza kama amelala vizuri, amekula, anaumwa. Kama ni mzima, punguza: "Tusome kadi tatu tu, kisha tutoke." Timiza ahadi hiyo hata akichangamka katikati, ili kesho akuamini. Akikataa somo moja kwa siku tatu mfululizo, mara nyingi umemvusha haraka. Rudi nyuma hatua mbili, mahali alipokuwa anafaulu, uanze hapo. Kumchapa au kumlinganisha na mtoto wa jirani kutamfunza kuogopa daftari, na woga huo huchukua muda mrefu kutoka.

Mtafutie wenzake kila siku. Kombolela, ukuti ukuti na mdako vinamfundisha kusubiri zamu, kushindwa na kupatana, na hayo wewe peke yako huwezi kumpa.

Hatua ya 10: Kupima bila mtihani

Kila Ijumaa andika mambo matatu: anachofanya sasa bila msaada, anachofanya ukimsaidia, na alipokwama. Wiki inayofuata panga masomo kutoka mstari wa pili, maana huko ndiko anakokua. Kila mwisho wa mwezi mrekodi kwenye simu akisoma ukurasa uleule mmoja, na uhifadhi rekodi hizo. Siku akienda shule, mpe mwalimu wake daftari lako alisome: litamwokolea wiki nyingi za kumtafuta mtoto huyo alipo.